Jumla ya Mabao Haitoshi: Somo la Takwimu kwa Wabishi wa Kijiweni

Baadhi yenu mnaijua Maramba kwa sababu moja tu: mlimaliza kidato cha sita, majina yakatoka, mkajikuta JKT kwa mujibu wa sheria. Mimi naijua kwa kuwa ndiko kwetu. Ipo wilaya ya Mkinga, mkoa wa Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Na kwetu huko kuna ubishi ambao haujawahi kuisha: timu ipi ilikuwa kali kuliko zote.

Wazee watakuambia Coastal Union iliyochukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 haina mfano. Vijana watakutajia kikosi cha msimu huu. Halafu anatokea mmoja, mara nyingi msomi aliyerudi likizo, anasema: "Acheni kelele, tuhesabu. Chukua wachezaji wote wa kikosi hiki, jumlisha mabao waliyofunga maisha yao yote ya mpira. Fanya hivyohivyo kwa kikosi kile. Penye jumla kubwa ndipo penye nguvu." Watu wananyamaza, maana hesabu ina heshima yake hata kwa asiyeipenda.

Mimi nasoma takwimu, na makala hii inahusu hesabu ya huyo msomi. Siyo mbaya, ila inajibu swali dogo sana kuliko lile lililoulizwa. Kabla ya kuiamini jumla ya namna hiyo, iulize maswali manne. Nitayapitia moja baada ya jingine kwa namba halisi, ili mwisho uweze kuyatumia mwenyewe, iwe kwenye mpira au kwenye jambo jingine lolote linalojumlishwa.

Kwa nini besiboli

Mifano yangu mingi inatoka kwenye besiboli ya Marekani. Najua wengi wetu hatujaucheza mchezo huu, ingawa si mgeni kabisa huku. Pale Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, ulifunguliwa uwanja wa besiboli mwaka 2018 kwa msaada wa Japani. Majirani zetu wa Uganda wamefika mbali zaidi: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani.

Nimeuchagua mchezo huu kwa sababu mbili. Kwanza, Wamarekani wameandika kila pigo la kila mchezaji kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa hiyo namba zipo. Pili, kuna tukio moja kwenye besiboli ambalo karibu lote ni la mtu mmoja. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anasimama na gongo. Akiupiga ukapaa juu ya uzio na kutoka nje ya uwanja kwa upande unaoruhusiwa, anazunguka vituo vyote vinne na kurudi nyumbani bila mtu wa kumzuia. Pigo hilo nitaliita homurani. Kwenye soka bao linahitaji pasi, krosi, na wakati mwingine beki aliyelala. Homurani haihitaji pasi ya mwenzako. Kwa hiyo kama kuna mahali ambapo kujumlisha rekodi za watu kungetupa nguvu ya timu, ni hapa.

Tuchukue vikosi viwili maarufu, New York Yankees ya 1927 na Cincinnati Reds ya 1976. Vyote viwili vilichukua ubingwa, na vyote viwili vilishinda fainali kwa michezo 4 kwa 0. Nimewaacha warushaji, nikachukua wachezaji wanane wa kawaida wa kila kikosi. Namba ni homurani za maisha yote ya kila mmoja.

Yankees ya 1927:
Babe Ruth 714
Lou Gehrig 493
Tony Lazzeri 178
Bob Meusel 156
Earle Combs 58
Joe Dugan 42
Pat Collins 33
Mark Koenig 28
Jumla: 1,702

Reds ya 1976:
Johnny Bench 389
Tony Pérez 379
George Foster 348
Joe Morgan 268
Pete Rose 160
Ken Griffey (baba) 152
Dave Concepción 101
César Gerónimo 51
Jumla: 1,848

Kwa kanuni ya msomi wetu, kesi imekwisha: Reds wameshinda kwa 146. Sasa tuanze kuuliza.

Swali la kwanza: nani amebeba mzigo?

Angalia tena orodha ya Yankees. Ruth na Gehrig peke yao wana 1,207. Hiyo ni asilimia 71 ya jumla ya watu wanane. Wale sita waliobaki wamegawana 495 tu. Kwa Reds, wawili wa juu, Bench na Pérez, wana 768, ambayo ni asilimia 42. Sita waliobaki wana 1,080, zaidi ya mara mbili ya sita wa Yankees.

Wastani wa Yankees ni 1,702 gawanya kwa 8, yaani karibu 213. Wastani wa Reds ni 231. Ukiishia hapo, utadhani vikosi hivi vinafanana sana. Lakini tupange namba kuanzia ndogo hadi kubwa, tutafute namba ya kati, yaani mediani. Kwa watu wanane, mediani ni wastani wa yule wa nne na yule wa tano. Kwa Yankees ni 58 na 156, jibu 107. Kwa Reds ni 160 na 268, jibu 214. Mediani ya Reds ni mara mbili kamili ya ile ya Yankees!

Maana yake ni nini? Wastani unavutwa na mtu mmoja mkubwa, mediani haivutwi kirahisi. Ukikuta wastani na mediani vimeachana sana, ujue kuna mtu amewabeba wenzake mgongoni. Hili hatuhitaji kwenda Marekani kulielewa. Kila mwanafunzi amewahi kuwa kwenye kazi ya kikundi yenye majina manane kwenye jalada na watu wawili waliokesha. Alama ni moja kwa wote. Siku ya mtihani, kila mmoja amekaa kwenye kiti chake, ndipo mediani inapojulikana.

Kwa kocha swali hili lina uzito wa moja kwa moja: nyota wako akiumia kifundo, unabaki na nini?

Swali la pili: kwa nafasi ngapi?

Sasa waangalie watu wawili: Pete Rose wa Reds mwenye 160, na Bob Meusel wa Yankees mwenye 156. Kwenye jumla wanaonekana kama mapacha. Lakini Rose alicheza hadi watu wakamzoea kama nguzo ya umeme: alikuwa na zamu rasmi za kupiga 14,053. Meusel alikuwa na 5,475. Gawanya. Rose alipiga homurani moja kwa kila zamu 88. Meusel alipiga moja kwa kila zamu 35. Mapacha wetu kumbe hata hawafanani.

Hii haimaanishi Rose alikuwa mchezaji dhaifu. Ndiye mwenye rekodi ya mapigo salama mengi kuliko wote katika ligi kuu ya Marekani, 4,256. Kazi yake ilikuwa nyingine. Jumla ya homurani ilimpa sifa ambayo haikuwa yake, na ikaificha ile iliyokuwa yake.

Hata kwa wakubwa ni hivyo. Hank Aaron alimaliza na 755, akampita Ruth mwenye 714. Lakini Aaron alipata zamu 12,364, Ruth 8,399. Aaron alipiga moja kwa kila zamu 16, Ruth moja kwa karibu kila zamu 12. Ukiuliza nani alipiga nyingi, jibu ni Aaron. Ukiuliza nani alikuwa hatari zaidi kila aliposimama na gongo, jibu ni Ruth. Ni maswali mawili tofauti na yote ni ya halali. Kosa ni kuuliza moja na kujibu jingine.

Wanafunzi wa chuo hatuna kisingizio cha kutolielewa hili. GPA haijumlishi tu A na B ulizopata. Inazipima kwa uniti za kila kozi, kisha inagawanya kwa uniti zote. Mtu wa mwaka wa tatu ana jumla kubwa ya pointi kuliko wa mwaka wa kwanza, lakini hakuna anayesema kwa hiyo ana akili zaidi.

Swali la tatu: wengine walikuwa wanafunga mangapi?

Mwaka 1927, ligi ya akina Ruth ilikuwa na timu nane. Timu zote nane kwa pamoja zilipiga homurani 439. Yankees peke yao walipiga 158. Toa, zinabaki 281 kwa timu saba, wastani wa 40 kwa kila timu. Mwaka huohuo Ruth mwenyewe alipiga 60. Soma tena taratibu: mtu mmoja alipiga nyingi kuliko timu yoyote nyingine kwenye ligi yake, maana iliyofuata, Philadelphia, ilipiga 56.

Kwa hiyo homurani moja ya 1927 na homurani moja ya miaka ya baadaye si shilingi ileile. Kuzijumlisha bila kuuliza enzi ni sawa na kumwambia babu yako kuwa mshahara wake wa miaka ya sabini ulikuwa mdogo kuliko boom lako. Kwa tarakimu ni kweli, ila nenda sokoni na kila moja kwa wakati wake.

Mahali nako kunahesabika. Pale Japani, Sadaharu Oh wa Yomiuri Giants alimaliza na homurani 868, na mwenzake Shigeo Nagashima 444. Jumla 1,312, kubwa kuliko Ruth na Gehrig. Je, walikuwa wakali zaidi? Namba zao hazidanganyi, lakini zilipatikana kwenye ligi nyingine, viwanja vingine na warushaji wengine. Kila mmoja atukuzwe kwanza mbele ya wale aliocheza nao. Njia ya haki ni kumlinganisha mtu na wenzake wa siku zake: alifunga mara ngapi zaidi ya mchezaji wa kawaida wa ligi yake? Hapo ndipo unaweza kuvuka miaka na bahari.

Kwetu ni vivyo hivyo. Mabao 20 kwenye uwanja wenye mteremko, mpira umeshonwa mara tatu na kipa amekopwa kwa jirani, si sawa na mabao 20 pale Mkwakwani. Na wakati mwingine ya kule kwenye mteremko ndiyo magumu zaidi.

Swali la nne: lini?

Hili ndilo swali linalosahauliwa zaidi. Tunapoandika kwamba Yankees ya 1927 ilikuwa na Gehrig mwenye 493, tunasema jambo ambalo mwaka 1927 hakuna aliyelijua. Msimu ule ulipoanza, Gehrig alikuwa na homurani 37 tu maishani. Ruth alikuwa na 356. Zile 456 nyingine za Gehrig zilikuwa bado mbele. Kikosi cha 1927 hakikuingia uwanjani na 1,702; namba hiyo imekusanywa kutoka misimu ambayo mingine ilishapita na mingine haijazaliwa.

Upande wa pili wa shilingi ni Boston Braves ya 1935. Ukijumlisha rekodi za kikosi kile, Ruth yumo na 714 zake. Ruth huyo alikuwa na umri wa miaka 40. Alicheza michezo 28, akapiga homurani 6, akastaafu msimu haujafika nusu. Timu ilipoteza michezo 115 mwaka ule. Jina lilikuwa la simba, lakini meno yalishabaki New York.

Kuna njia ya kurekebisha: hesabu tu yale yaliyofanyika watu wakiwa pamoja. Chukua jozi mbili. Ruth na Gehrig, maisha yote, 1,207. Hank Aaron na Eddie Mathews, maisha yote, 1,267. Tofauti ni 60. Sasa hesabu tu miaka waliyovaa jezi moja. Ruth na Gehrig, 1923 hadi 1934: 859. Aaron na Mathews, 1954 hadi 1966: 863. Tofauti imebaki 4.

Na ukitaka kujua nguvu ya msimu wenyewe, basi angalia msimu wenyewe. Timu nzima ya Reds ilipiga homurani 141 mwaka 1976, kwenye michezo 162. Yankees ya 1927 ilipiga 158 kwenye michezo michache zaidi. Yaani kikosi chenye jumla ndogo ya maisha ndicho kilichopiga nyingi mwaka wake. Msomi wetu aliyefunga kesi kwa tofauti ya 146 alikuwa ametoa hukumu kwa upande usiofaa.

Na sisi je?

Mpaka hapa unaweza kusema, sawa mgosi, tumekuelewa, lakini namba zote hizi ni za Wamarekani. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Maswali haya manne hayajibiki kama kilichotunzwa ni jumla peke yake. Kujua nani amebeba, unahitaji orodha ya majina. Kujua nafasi, unahitaji idadi ya mechi na dakika. Kujua enzi, unahitaji matokeo ya ligi nzima. Kujua lini, unahitaji tarehe. Ubishi wa Maramba hauishi kwa sababu kila mzee ana daftari kichwani, na madaftari ya kichwani hayalingani.

Kuna kijana mmoja wa kwetu, jina namwachia mwenyewe, ambaye kwenye ligi za mbuzi na mashindano ya likizo alikuwa anafunga hadi makipa wanamjua kwa nyayo. Alikwenda kufanya majaribio kwenye timu moja ya mjini. Akaulizwa: umecheza mechi ngapi, umefunga mangapi, dhidi ya nani? Akajibu, "Mengi, kocha." Mwenzake wa foleni ileile alikuwa na karatasi iliyoandikwa na mwalimu wake wa michezo tangu UMISSETA: mechi 18, mabao 11, penalti 2. Aliyeitwa tena kesho yake ni yule wa karatasi. Sisemi kwamba alikuwa dhaifu. Ninachosema ni kwamba wa kwetu hakupimwa, kwa sababu hakuwa na cha kuwekwa kwenye mizani.

Sisi tunaosoma tuna deni hapo. Likizo ijayo, ukirudi kwenu, iwe Maramba, Daluni, Duga au kwingineko, nunua daftari moja. Chora safu saba: tarehe, wapinzani, uwanja, mchezaji, dakika alizocheza, mabao na penalti ziandikwe mbali, na aliyetoa pasi ya mwisho. Mkabidhi mdogo wako anayependa mpira lakini hachaguliwi kucheza; huyo ndiye karani bora, maana hakosi mechi. Baada ya misimu mitatu mtakuwa na kitu ambacho hakuna mbishi anayeweza kukipuuza, na mshambuliaji wenu atakuwa na karatasi ya kushika.

Hapa chuoni vilevile. Kila bonanza la vitivo timu zinachaguliwa kwa majina: "fulani ana mabao mengi tangu mwaka wa kwanza". Wizara ya michezo ya serikali ya wanafunzi iweke kumbukumbu ya kila mechi, na anayechaguliwa achaguliwe kwa anachofanya msimu huu kwa dakika alizopewa. Mwaka wa kwanza aliyefunga 4 kwenye mechi 5 asikae benchi kumpisha wa mwaka wa nne mwenye 15 za miaka minne.

Zoezi

Timu A ina washambuliaji watano wenye mabao ya maisha 61, 8, 7, 5 na 4. Timu B ina watano wenye 20, 18, 16, 14 na 12.

(a) Tafuta jumla, wastani na mediani ya kila timu.

(b) Mwenye mabao mengi zaidi wa kila timu ameumia. Rudia hesabu kwa wanne waliobaki.

(c) Umeambiwa yule wa 61 ameyafunga kwenye mechi 200 na ana miaka 38, na yule wa 12 ameyafunga kwenye mechi 15 na ana miaka 19. Je, umebadili mawazo kuhusu timu utakayoibetia soda? Andika sentensi mbili za kutetea jibu lako, kisha mpelekee mbishi mmoja unayemfahamu asahihishe.